Nasifiwa kwa Kuondoa Proksi, na Proksi Bado Iko

Kwako mshauri Kalondu,

Natumai uko salama na kazi yako ya kusikiliza shida za watu inaendelea, mimi mwili uko sawa lakini moyo umekataa, na naomba unijibu haraka kabla ya Ijumaa kwa sababu baada ya Ijumaa hata ukinijibu itakuwa ni kunipa pole tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, nina mke anaitwa Nzisa, tunakaa Mwihoko, na kazi yangu iko Thika kwa kampuni moja ya kutotoa vifaranga, mimi ndiye fundi wa tovuti, yaani wakulima wanaagiza vifaranga wa siku moja kwa simu zao kupitia tovuti yetu, kila Jumanne asubuhi tunafungua oda na kufikia saa ya chakula vifaranga wote wana mwenyewe. Mwenye kampuni ni mama mmoja tunamwita Mama Warigia, mcha Mungu, mkali, alianza na mashine moja ya kutotoa kwenye stoo ya mumewe na sasa ana jengo zima, na akikuuliza swali haulizi mara mbili.

Shida ilianza wakulima walipoongezeka. Kila Jumanne tovuti ikawa nzito, mtu anabonyeza anangoja, anabonyeza tena, na Mama Warigia bila kuniuliza akaleta kijana mwingine kwa mkataba mfupi aje kunisaidia, anaitwa Gathogo, ni wa Ruiru, na mshauri huyo kijana ni mtihani, anaongea kama analipwa kwa kila neno, anavaa miwani ya jua ndani ya ofisi, anaingia saa nne akinukia marashi, anakula mandazi zangu bila kuuliza, na siku ya kwanza tu aliangalia kazi yangu ya miaka mingi akasema mbele ya watu, "Bro, hii seva yako inapokea wageni ikiwa uchi."

Akasema dawa ni kuweka proksi. Kwa kuwa wewe si mtu wa kompyuta nikueleze kidogo, seva ndiyo mashine inayowapa watu kurasa za tovuti, na hiyo proksi ni programu inayokaa mbele ya seva kama mtu wa mapokezi, mteja hafiki kwa seva mwenyewe, anapokelewa na proksi, proksi inaingia ndani kumtafutia anachotaka halafu inatoka kumpa. Mimi nikakataa. Nikasema ukiongeza mtu katikati umeongeza kuchelewa, hata mtoto wa chekechea anajua hivyo, na tukabishana mimi na Gathogo mpaka wasichana wa kuhesabu mayai wakaja mlangoni kutazama, ndipo Mama Warigia akatoka ofisini kwake akasema, "Mimi sitaki siasa kwa kampuni yangu. Pimeni. Moja ikiwa na hiyo kitu, moja bila. Inayoshinda, inakaa."

Gathogo akaiweka hiyo proksi, lakini nikapima mimi, kwa sababu yeye alisema ana njaa na akaenda kutafuta mutura. Nilichukua laptopu yangu nikaiunganisha na seva kwa waya, zote ziko kwenye meza moja, nikawasha programu ya kupima, ile inayojifanya wateja wengi wameingia kwa pamoja, wote nikawaambia waombe ukurasa wa kwanza, ule mdogo wa kukaribisha watu, kwanza bila proksi, halafu na proksi. Na mshauri, naapa mbele ya Mungu, sikuongeza kitu wala sikupunguza, bila proksi seva ilijibu haraka zaidi, si kwa mbali sana, lakini kila nikirudia ilikuwa vile vile, na kwenye mchoro wa wateja wanaohudumiwa mstari wangu ulipita juu ya mstari wake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Gathogo aliporudi akaangalia akacheka. "Hii ni upuzi bro. Wateja wako wote wako juu ya meza. Kuna mkulima gani ananunua vifaranga akiwa amelala kando ya seva?" Nikamwambia basi alete vipimo vyake, na hakuwa navyo, alikuwa na mdomo tu na mutura. Mama Warigia akaniuliza mimi, "Kwa hivyo hii kitu ya Gathogo inatuchelewesha?" Nikamjibu, "Kulingana na vipimo, ndiyo mama." Akasema itolewe, na jina lake asilisikie tena kwa hiyo compound.

Ilitolewa. Jumanne iliyofuata tukafungua oda, wakulima wakaingia wengi kuliko Jumanne zote, na kabla chai haijapoa tovuti ikalala. Ukurasa mweupe. Nikaiwasha, ikalala tena, nikaiwasha, ikalala, simu za ofisi zote zinalia, wakulima kutoka kila kona wanauliza kwani mmefunga, na kule nyuma mayai yameanza kupasuka kwa sababu yai halingoji mtandao urudi. Vifaranga walitoka wakiwa hawana mwenyewe. Ilibidi tuwapakie kwenye pikapu ya kampuni kwa katoni, Mama Warigia mwenyewe akiwa amekaa mbele na leso kichwani, tukawauza kama mitumba, Mugutha, halafu Kamakis, na mshauri hebu fikiria kuuza vifaranga wachanga mahali watu wamekuja kula nyama choma, mzee mmoja akiwa na kijiti mdomoni akachungulia ndani ya katoni akaniuliza, "Hizi zitakuwa tayari saa ngapi?" Mama Warigia hakucheka. Wengine hatukuwauza, na sitaki kukuambia walienda wapi.

Wiki iliyofuata nilijua nitafutwa. Jumanne asubuhi nilikuwa mbele ya kompyuta, Gathogo akainama kando ya sikio langu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongea polepole. "Nimerudisha ile kitu. Usiiguse. Na usiseme ni mimi, mama akijua nimemkaidi nitatoka hapa leo leo." Nilitaka kuitoa, nakuambia ukweli, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, lakini oda zikaanza kuingia, zikaingia, zikaingia, tovuti ikakaa wima kama mlingoti, na vifaranga wakaisha mapema kuliko siku nyingine yoyote.

Kesho yake kwa ibada ya wafanyakazi Mama Warigia akasimama akamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Alisema huyu kijana alijua, alisema hiyo kitu ya katikati haifai, tulipata jaribu dogo lakini hakutetereka, akaitengeneza seva yake ikakaa peke yake bila kuegemea kitu. Watu wakapiga makofi. Aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni Gathogo.

Sikusema kitu, kwanza kwa sababu Gathogo aliniomba nisiseme, nilikuwa namlinda yeye. Halafu siku zikaenda, na kila Jumanne tovuti inakaa wima, na kila Jumatano nasifiwa, nikapewa kiti kipya kile cha kuzunguka, na mshauri mtu akizoea kukaa kwa kiti cha kuzunguka si rahisi kuinuka.

Lakini roho ilikuwa inanisumbua, nikaamua nipime tena, sasa vizuri. Nilitengeneza nakala ya tovuti kwa mashine nyingine, nikaenda nyumbani Mwihoko Jumamosi mchana, nikatumia mtandao wa simu ya Nzisa badala ya waya, na nikaiambia programu iwafanye wateja wawe kama wakulima wetu kweli, simu za zamani, mtandao unakatikakatika, na wafungue ule ukurasa mzito wenye picha za vifaranga. Bila proksi seva ilianza kukohoa mapema kabisa. Niliona kwa nini, kila mteja mwenye mtandao mbaya anashikilia seva kama mtu anakunywa uji wa moto, anavuta picha kidogo, anapumzika, anavuta kidogo, na seva haiwezi kumwacha hadi amalize, kwa hivyo wateja wachache wa polepole wanatosha kuwafungia mlango wote. Ikiwa na proksi, seva inamaliza kazi yake mara moja inampa proksi, halafu proksi ndiyo inakaa na huyo mtu wa uji, na picha ambazo kila mtu anaomba proksi inazo tayari haiendi ndani kuzitafuta. Niliongeza wateja, nikaongeza, ikaendelea tu.

Nzisa alikuwa anakuna nazi, akaniuliza, "Sasa hiyo inamaanisha nini?"

"Inamaanisha Gathogo alikuwa sawa."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Na mama?"

"Bado."

Akaendelea kukuna. Halafu akasema, "Kumbe ulipima ndio ujue wewe peke yako."

Sasa yamekuwa mawili. La kwanza, wenye biashara za kutotoa vifaranga wana mkutano wao hapa Thika mwezi ujao, na Mama Warigia ameniandikisha nikawafundishe, ameshatengeneza bango lenye picha yangu, limeandikwa "TOVUTI IMARA BILA PROKSI", na hilo bango liko kwa reception, napita hapo kila asubuhi nikijiangalia. La pili, mkataba wa Gathogo unaisha hii Ijumaa na mama amesema haurudii kwa sababu hakuona faida yake. Alimwambia mbele yangu, "Na ukitoka, toa kila kitu uliweka kwa mashine zangu." Gathogo akavua miwani, akaniangalia mimi, akamjibu yeye. "Sawa mama. Kila kitu."

Mshauri, Jumanne inakuja na mayai yako kwenye mashine. Mimi sikudanganya mtu, vipimo vyangu vya kwanza vilikuwa vya kweli, na huyu Gathogo mwenyewe ndiye alisema nisiseme. Je, kuna njia ya heshima ya kumwomba aiache hiyo proksi aende zake, bila mama kujua, na bila yeye kufikiria amenishinda?

Ni mimi fundi anayepigiwa makofi,
Mwihoko.

MSHAURI KALONDU ANAJIBU

Ndugu yangu wa Mwihoko, jibu hili nilikutumia kwa simu siku ile ile, kwa sababu gazeti linatoka Jumapili na wewe uliniambia Ijumaa. Nalichapisha kwa ruhusa yako, na majina tumeyabadilisha, ingawa nashuku kila mtu aliyewahi kununua kuku Thika ameshakujua.

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu najua kazi ni ngumu kupatikana, na najua uchungu wa kuletewa mtu mwenye mdomo aje akufundishe kazi yako huku anatafuna mandazi yako. Hilo la mandazi lina uzito wake. Basi, pole imeisha.

Unasema hukudanganya mtu. Uliulizwa, "Hii kitu inatuchelewesha?" ukajibu "ndiyo", na ilikuwa kweli, kwa mtu aliyekaa mezani pako na waya mkononi. Mama Warigia alikuwa anauliza habari ya wakulima wake. Wewe ukamjibu habari ya meza yako. Siku ile sikulaumu, ulipima ulichoweza kukiona. Lakini Jumamosi ile Mwihoko uliona, na mkeo akaona kwamba umeona, na Jumatano ukaenda tena kupigiwa makofi. Kuanzia hapo huwezi kuniambia habari ya vipimo vya kweli. Matokeo ya kweli unayo ndani ya laptopu, umeyafungia.

Tena usinijie na hii hadithi kwamba unamlinda Gathogo. Ulimlinda wiki ya kwanza. Sasa anafukuzwa kwa sababu "hakuonekana faida yake", na faida yake unaikalia wewe, kwenye kiti cha kuzunguka. Ulinzi gani huo? Askari wa namna hiyo akilinda nyumba, asubuhi utakuta mlango tu.

Gathogo naye si malaika, nisije nikaonekana namwimbia. Alikatazwa na mwenye mali akafanya kinyume, kimya kimya, kwa mashine za mtu. Hata kama kilikuwa kizuri, hakikuwa chake kuamua. Na kama angefanya vipimo vyake siku ile badala ya kukimbilia mutura, vifaranga wasingefika Kamakis. Mdomo wake ulisema kweli, lakini mdomo si ushahidi. Hayo mwambie, lakini baadaye. Kwanza safisha kwako.

Swali lako ni kama kuna njia ya heshima ya kumwomba akuachie kitu chake ili uendelee kusifiwa kwa kutokuwa nacho. Hakuna. Nimekaa nalo hilo swali, nimelizungusha, nimempigia hata dada yangu wa Kilimambogo ambaye ana majibu ya kila kitu, naye akacheka hadi simu ikamponyoka. Hakuna.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya mambo mengine, mwite Gathogo nje. Usimwombe chochote. Mwambie, "Naenda kwa mama sasa hivi kumweleza ni nani aliokoa Jumanne zetu, na nitataja kwamba wewe ndiye uliirudisha." Ni siri yake pia, kwa hivyo ana haki ya kuisikia kabla haijatoka. Akitaka kuja na wewe, aje. Akikataa, nenda peke yako.

Kwa Mama Warigia usiende na michoro. Mama aliyeanza na mashine moja kwenye stoo haamini michoro, alishaamini mmoja wako ukamfikisha Kamakis na katoni. Mwombe simu yake. Mpeleke kule mwisho wa uwanja ambako mtandao ni mbovu. Mfungulie ile nakala yako ya tovuti iliyojaa wateja wa kujifanya, kwanza bila proksi, na umwache angoje. Umwache angoje kabisa, usimpunguzie. Halafu mfungulie yenye proksi. Kisha sema kwa sentensi fupi: nilipima vibaya, Gathogo alikuwa sawa, alirudisha proksi bila ruhusa yako, mimi nilijua na nikanyamaza. Usiseme "lakini" baada ya hapo. Akikutukana, mjibu kimoyomoyo tu, kisha ukubali.

Habari ya mkutano, usikimbie. Mwambie mama utaenda, lakini bango libadilishwe. Wale wenye biashara za vifaranga hawahitaji kusikia kwamba proksi ni nzuri au ni mbaya. Wanahitaji kusikia kwamba kuna mtu alipima kwa waya akashinda, na akapima kwa simu ya mkewe akashindwa, na awaeleze tofauti. Hilo ndilo somo, na wewe tu ndiye unaweza kulifundisha, kwa bahati mbaya.

Na usitegemee kushukuriwa. Ukweli ukichelewa hauletewi chai. Unaweza kupoteza kiti. Unaweza kupoteza hata kazi, na nitakuwa mwongo nikikuambia haiwezekani. Lakini Jumanne mayai yatapasuka, na hutakuwa umesimama pale ukiomba kimya kimya kwamba mtu uliyemwacha afukuzwe awe na roho nzuri kuliko yako.

Nzisa mpe salamu zangu. Mke wa namna hiyo hana haja ya mshauri, na ungemsikiliza ungeokoa stempu.

KUTOKA KWA FUNDI, JUMATANO ILIYOFUATA

Mshauri, asante, ingawa umenichapa.

Nilifanya vile ulisema. Nilimwita Gathogo nje karibu na tangi la maji, nikamwambia naenda kwa mama, na kwa mara ya pili nikamwona akivua miwani. Halafu akasema, "Twende pamoja, nisije nikasikia umenipaka matope." Tukaenda.

Mama Warigia alisimama kule mwisho wa uwanja na simu yake, bila proksi, akangoja. Nilitaka kusema kitu, Gathogo akanikanyaga mguu. Mama akangoja hadi akaanza kusalimia watu wanaopita. Halafu nikamfungulia ya pili, picha za vifaranga zikatokea zote. Akaangalia. Akanirudishia simu akasema, "Sasa nielezeni, nyinyi wawili, polepole."

Tulieleza. Alimgeukia Gathogo kwanza, akamuuliza, "Nilikwambia itolewe, sikukwambia?" Gathogo akasema ulisema mama. "Na ukairudisha kwa mashine zangu, usiku wa manane kama mwizi?" Gathogo akasema, hapana mama, ilikuwa Jumatatu saa kumi jioni, ulikuwa kwa kikao cha kina mama. Nilijua sasa amejimaliza, lakini mama alifunika mdomo na leso, na mabega yakatingika kidogo. Halafu akanigeukia mimi, na hapo mabega hayakutingika. Aliuliza tu, "Nilimshukuru Mungu kwa ajili yako mara ngapi?" Nikaanza kuhesabu, akanikata. Akasema, "Jumatano utasimama wewe umshukuru, na utaje jina sahihi." Leo asubuhi ndiyo nimefanya hivyo, mbele ya wote, hadi wasichana wa mayai. Kiti kimerudi kwa mhasibu. Bango limetolewa. Kazi bado ninayo, kwa sasa.

Kisha mama alimwambia Gathogo abaki, ataandikiwa mkataba mpya. Na hapa ndipo nimeshindwa kulala, mshauri. Gathogo akasema asante mama, lakini amepata kazi kwingine, karibu na kwao Ruiru, alishaipata hata kabla ya kuambiwa mkataba haurudiwi. Ijumaa hiyo alikaa siku nzima akinionyesha jinsi ya kuitunza ile proksi, inapofungwa, inapofunguliwa, ikigoma unaangalia wapi. Hakutoa kitu chochote kwa mashine.

Jioni nikimsindikiza hadi stendi nikamuuliza, kwani kama ulikuwa na kazi nyingine, ulikuwa unangoja nini hapa wiki yote, na kwa nini hukusema na mama wewe mwenyewe.

"Nilitaka nione kama utasema."

"Na nisingesema? Ungeitoa?"

Akaniangalia kama mtu ameulizwa swali la kijinga. "Ningeiacha bro. Vifaranga wamekosa nini?"

Akapanda gari akaenda. Jana Jumanne tovuti ilikaa wima asubuhi yote. Sijui nicheke ama nilie.

KALONDU

Vyote viwili, kwa dakika chache, kisha urudi kazini.

Na kitu kimoja kimebaki, nacho ni rahisi, kwa hivyo najua utakiahirisha. Usimtafute Gathogo siku tovuti itakapolala. Mpigie wiki hii, ukiwa huna shida yoyote, mwulize habari ya kazi mpya, na ukikutana naye, ununue mandazi ya watu wawili.

Mpigie kabla ya Jumanne.